Kibuyu Kitupu cha Akuei

Lodwar, 3 Juni

Akuei,
Ejok? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Mbuzi wazima. Nasikia wewe ndiye mgonjwa, tena wa kichwa. Zubeyr mwenye lori ameniambia umemwomba kazi ya kupika chai, eti hesabu imekushinda. Hesabu gani hiyo ya kumtoa mtu shule? Niandikie niione.
Nyanya yako, Atiir

Kakuma, 9 Juni

Nyanya,
Ejok nooi. Pole na magoti. Ni kugawanya polinomia: x³ − 7x + 6 kwa x − 2. Unaanza na ya mbele, x³ kwa x ni x². Unazidisha x² kwa x − 2, unapata x³ − 2x², unaiandika chini, unatoa. Hapo nakwama. Hiyo −2x² inakaa chini ya −7x, natoa vitu visivyofanana, yote yanaharibika. Mwalimu Pontien amesema nikifeli tena tarehe 21 ananitoa darasani, na bila hesabu siwi muuguzi. Afadhali chai.
Mjukuu wako, Akuei

Lodwar, 13 Juni

Akuei,
Salamu utazipata ukipata akili. Sikuelewa hata mstari mmoja, wala sioni haya. Wa kuelewa ni wewe. Nimechunga miaka yote hiyo ili uoshe vikombe vya Zubeyr?
Jana binamu yako Ekai alitaka kunywea kibuyu chako, eti ni kitupu na mwenyewe hayupo. Nilimchapa mkono. Kitakaa kwa msumari wake, kati ya changu na chake, hata kama hakina tone. Rudia hesabu. Uniandikie mpaka mwisho, usiniletee nusu.
Nyanya yako

Kakuma, 26 Juni

Nyanya,
Hamjambo huko? Habari ya kibuyu ilinichekesha, halafu nikaitazama hesabu upya. Kati ya x³ na 7x hakuna x², na mimi sikuiwekea mahali. Nikaandika x³ + 0x² − 7x + 6. Ni tupu, lakini ina msumari wake.
Sasa toa −2x² kwenye 0x², inabaki 2x². Shusha −7x. 2x² kwa x ni 2x. Toa 2x² − 4x, inabaki −3x. Shusha 6. −3x kwa x ni −3. Toa −3x + 6, hakibaki kitu. Jibu ni x² + 2x − 3.
Nimepita. Mwalimu Pontien amenihamishia kiti cha mbele.
Mjukuu wako, Akuei

Lodwar, 30 Julai

Akuei,
Ejok. Magoti ni yale yale. Hesabu yako bado siielewi, na usinieleze tena.
Shule mnafunga kesho kutwa. Barua hii anayo Zubeyr, basi panda lori lake, ila sufuria yake ya chai usiiguse. Nimetia maziwa kwenye kibuyu chako. Yakichacha hujafika, shauri yako.
Nyanya yako