Mama na Mtu wa Kwenye Kioo

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Watoto je, kile kikohozi cha baridi kimewaachia? Sisi tupo, tunapumua. Mama mwili wake hauna neno, anakula, anatembea. Lakini barua hii ni juu yake, basi kaa kitako uisome.

Kama ulivyoagiza, tulinunua kompyuta. Shemeji yako alitaka ile ya kukunjwa, ya kubeba mkononi. Mimi nikashikilia ya mezani, yenye kioo kipana, ili mama akuone sura nzima bila kuhangaika na miwani. Fundi wa mtaani, yule tunayemwita Subira kwa kuwa hana, akaniunga mkono.

Mtandao ndio uliotutoa jasho. Waya wa intaneti umeishia barabara kuu, na kampuni ikasema mtaa wetu usubiri. Tukajaribu kuunganisha kwa simu yangu, picha zikaganda. Mwishowe tukanunua kisanduku cha intaneti cha kutia laini ya simu, Subira akakifunga dirishani chumbani kwa mama, mahali pekee penye mawimbi ya maana, na kompyuta tukaiweka humo humo. Mama alipoona neno "WiFi" lililoandikwa kwenye boksi akaniuliza, "Wifi yako katumwa humu ndani?" Tulicheka hadi Subira akakaa chini. Tangu hapo sikumbuki kicheko kingine katika nyumba hii.

Sasa nikuambie ya Jumapili iliyopita. Uliona kioo kimekuwa cheusi ukadhani mtandao umekatika, na uliponipigia simu nikakuitikia kwamba ni mtandao. Haukukatika, ndugu yangu. Ulipokuwa unamwita, mama alikutazama kwa muda, kisha akaninong'oneza, "Nani huyu mwanamume anayetuchungulia?"

Nikamwambia ni kitinda mimba wake. Akatikisa kichwa. Akasema mwanawe hana ndevu, wala hana mvi. Akainuka, akachomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatano tulimpeleka kwa daktari. Anasema kusahau huku hakutarudi nyuma. Kutamla kidogo kidogo. Nilikwenda nikitegemea kutajiwa dawa. Hakuna.

Tangu Jumapili ile mama hataki kulala chumbani mwake. Kompyuta nimeifunika shuka, lakini akipita pale mlangoni ananyata. Mara ananiuliza utarudi lini, tena kwa jina lako la utotoni. Mara anauliza kama yule mtu bado anatuchungulia. Na wote wawili ni wewe.

Usitume kompyuta nyingine, wala usinitafutie mtandao wenye kasi. Njoo. Siwezi kukuahidi kwamba atakujua. Jana mimi mwenyewe aliniita muuguzi, akanishukuru kwa uji. Lakini mgeni akimsalimia, bado anatoa mkono. Njoo uushike, hata kama atakupa kama mgeni.

Msalimie wifi yangu, na watoto waambie shangazi yao anawakumbatia. Shemeji yako anakusalimu, na mama mdogo pia, anayeshinda hapa kunipokea zamu. Mungu akusafishie njia, akufikishe mama angali anakuulizia.

Wako akupendaye,
Dada yako