Kompyuta ya Wajerumani na Maombi ya Mama Ndululu

Nzuki, uko? Leo nimepatikana kanisani Kabati!

Pasta amenisimamisha ghafla nishuhudie muujiza wa ile kompyuta ya 1996.

Unakumbuka programu yangu ya kujibonyezea vitufe? Mashine ikiuliza kama ichapishe, inabonyeza mahali Y ya kukubali inakaa kwetu. Kumbe kompyuta ilitoka Ujerumani na kibodi yake, hapo wao wanaweka Z! Ikagoma kabisa, na harusi ya Mwangangi inangoja kadi.

Mama Ndululu, yule wa maombi hapa kanisani, akasema, "Hii iko na pepo!" Akaiwekea mikono, akaomba, kidole kikaangukia Y. Kadi zikatoka!

Leo ako pale mbele, miaka tisini, ananitabasamia. Nzuki, ningesema nini?

Nimesema, "Ni mkono wake uliifungua, niliona kwa macho yangu."

Sijadanganya, ama? Sasa wananipeleka kanisa la Migwani nikarudie ushuhuda huo.