Motokaa ya Mtani Wangu

Temeke, Jumamosi, mwezi wa Aprili

Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nane mchana. Uani kwetu ni tope tupu, na watoto wamekatazwa kutoka lakini wametoka. Nimekaa barazani na daftari hili juu ya goti. Nina wivu. Nimeliandika neno hilo mapema ili nisije nikalizunguka ukurasa mzima.

Namwonea wivu Kondo.

Kondo ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Ni Mzaramo, ana shamba la minazi Mbagala. Mimi ni Mnyamwezi, nilishuka kutoka Tabora kwa garimoshi, na sasa ni dereva wa ofisi moja ya serikali mjini. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo ya pembe vichwani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako na atamchukua jogoo wako, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Basi kila asubuhi Kondo huniuliza mzigo wa watu nimeuuza wapi. Mimi humwuliza kama ameamka kweli, au bado anangoja nazi imdondokee mdomoni. Miaka sita tumeishi hivyo. Alipofariki mtoto wangu wa pili, Kondo ndiye aliyechimba kaburi, huku akimtukana kila aliyekuja kuzika, mpaka mke wangu akacheka katikati ya machozi. Siku ile nilimpenda kama ndugu.

Wiki hizi nimemchukia.

Chanzo ni motokaa. Iko kwenye gereji ya Bwana Ramji, Muhindi anayetengeneza magari ya ofisi yetu. Ni ya kijani, ina milango minne, na Mzungu aliyekuwa nayo amerudi kwao. Miaka kumi na moja nimeendesha magari ya wengine. Nafungua mlango, nafunga mlango, nangoja juani. Nilipoiona ile nikajua ndiyo teksi yangu. Kila nilipopeleka gari la ofisi kwa Ramji nilikuwa naiendea, nafungua boneti na kusikiliza injini kama daktari.

Fedha taslimu sikuwa nayo, ilibidi nikope. Na sisi Waafrika, wenye mali wanaogopa kutukopesha, kwa sababu sheria inasema deni letu halidaiwi kortini mpaka Bwana DC awe amelikubali kwa sahihi yake. Kwa hiyo mtu akitaka kukukopesha hutazama kwanza jina lako kwa watu.

Jina langu lina doa. Ngoja niliandike, maana hakuna anayesoma hapa. Miaka minne iliyopita nilikopa baiskeli kwenye duka moja mjini. Nikampelekea kaka yangu Tabora, nikalipa miezi mitatu, halafu nikaenda kwa mwenye duka na uso wa msiba nikamwambia imeibwa. Haikuibwa. Mpaka leo kaka yangu huipanda kwenda kanisani.

Siri hiyo nilimwambia mtu mmoja tu, naye ni Kondo.

Ramji alitaka nilete jirani wa kunidhamini, nikampeleka huyo huyo. Nilidhani pale gereji ataacha mchezo. Ramji alipomwuliza mimi ni mtu wa namna gani, Kondo akajishika kiuno, akanitazama toka utosini mpaka viatuni.

"Huyu mpagazi? Mzee, huyu kala baiskeli nzima na kengele yake. Mpe motokaa, kesho utamkuta anacheua matairi."

Ramji alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nami nikacheka, maana ndiyo desturi. Ramji akaniomba nitoke nje kidogo, wakabaki wawili. Nilipoitwa tena niliambiwa nirudi Jumatatu. Na Jumatatu nikaambiwa maneno mawili tu, "Dereva, siwezi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ningemgombeza Kondo vipi? Ametania tu, na amri ya utani naijua.

Halafu siku kumi zilizopita mke wangu akaja na habari kutoka kisimani. Kondo ananunua motokaa kwa Ramji, ya kijani, ameweka shamba la minazi kuwa dhamana. Kondo hajui kuendesha hata toroli. Mke wangu akasema Mungu amjalie, nikasukuma sahani ya ugali nikasema nimeshiba.

Tangu hapo sina raha. Nikimwona mkewe na khanga mpya, nasema moyoni, hiyo ni ya kukalia kiti cha nyuma. Nikisikia honi barabarani natoka kuchungulia. Usiku wa upepo mkali nilijikuta naiombea minazi ya watu ianguke, mimi niliyebatizwa. Hata utani wangu umeota meno. Juzi nilimwambia mbele ya watu kwamba mtu akinunua asichojua kukitumia ni sawa na kipofu kununua kioo. Kondo akafurahi sana, akasema hilo ni zuri, atalitumia kwa Wanyamwezi wengine.

Yeye anacheka, mimi naungua.

Leo asubuhi nimepeleka gari la ofisi likafungwe breki. Ramji akaniita ndani, akaagiza chai, akasema Jumatatu mchana wanakwenda bomani na Kondo kwa Bwana DC ili mkopo upate sahihi. Kabla ya kwenda anataka neno la jirani. Kondo ni mtu wa namna gani?

Sikufikiri. Au niseme kweli, nilikuwa nimefikiri siku kumi.

Nikamwambia Kondo ni mlevi. Nikamwambia minazi ile si yake peke yake, ni ya ukoo, na ndugu zake wako mbioni kumshitaki. Maneno yalitoka yamepangika vizuri hata mimi nikayaamini. Ni uwongo yote. Kondo hanywi hata togwa iliyolala, na shamba aliachiwa na baba yake mbele ya mashahidi.

Ramji akaweka kikombe chini. Amezaliwa mji huu, si mgeni wa mambo yetu.

"Dereva," akasema, "huu ni utani, au unanipa habari ya kweli?"

Alinifungulia mlango. Ningeweza kucheka tu, tukanywa chai, mambo yakaisha.

"Ni kweli," nikasema.

Akavua miwani, akaifuta. Kisha akasema anashangaa, kwa sababu siku ile niliposubiri nje alimwuliza Kondo swali hilo hilo. Kondo akajibu kwamba ni utani, na kwamba mimi nikishindwa kulipa atalipa yeye. Aliyenikataa ni Ramji mwenyewe. Mwenye duka la baiskeli ni shemeji yake, na habari yangu alikuwa nayo zamani, kabla Kondo hajafungua mdomo.

Nikaweka kikombe changu chini, chai sijaigusa.

"Na juzi," akaendelea, "nilimwuliza, wewe huwezi kuendesha, motokaa ya nini? Akasema dereva anaye. Akasema kuna mpagazi mmoja jirani yake, atampa usukani kabla njaa haijampata akaanza kula milango."

Nikasema, Bwana Ramji, nilikuwa natania.

"Nilikuuliza," akajibu. Akasema atafikiri mpaka Jumatatu, akarudi kwenye kazi zake, nami nikaondoka na gari la ofisi lenye breki nzuri.

Siku kumi nimemwonea wivu mtu kwa kiti alichokuwa ananiwekea mimi.

Nilipokaribia nyumbani nikakutana naye njiani, suruali imekunjwa mpaka magotini kwa sababu ya tope. Akaniuliza kama Serikali imeanza kutulipa tope badala ya mshahara, maana anaona nimechukua la kutosha. Kisha akasema Jumatatu niombe ruhusa kazini nusu siku, kuna mahali atanihitaji. Nikamwuliza wapi. Akasema mpagazi haulizi safari, hubeba tu. Alikuwa anajikaza asicheke, furaha imemjaa usoni kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

Nami nikamjibu kwa tusi, kama kawaida. Sauti yangu haikutetemeka, na jambo hilo limenitisha kuliko yote ya leo.

Tena naandika ukweli wote, hata huu. Nilipomtazama akienda zake, akiruka madimbwi na mwili wake mnene, wivu ulinishika upya. Motokaa haikuwamo. Nilimwonea wivu kwa kuwa ni mtu anayeweza kumficha mwenzake jambo, na jambo lenyewe likawa jema.

Nimeamua. Jumatatu asubuhi nitakwenda kwa Ramji kabla hawajafika bomani, nimwambie nilisema uwongo, ingawa neno langu pale sasa ni senti iliyotoboka mara mbili. Lakini Kondo lazima asikie kwangu kwanza. Kesho nikitoka kanisani nitapita kwake.

Nimejaribu maneno hapa barazani, kimya kimya. Kondo, nimekuharibia kwa Ramji. Kondo, nilisema wewe mlevi na shamba si lako, kwa sababu ya kijicho.

Nikiyasema najua atakavyofanya. Atapiga makofi. Atamwita mkewe aje asikie mpagazi alivyojifunza kutania mwaka huu. Nitaapa kwa jina la Mungu, naye atazidi kucheka, atajifuta machozi kwa kiganja, ataniambia hilo ni kali kuliko la kipofu na kioo.

Nami nitakuwa nimesimama mlangoni pake nikiwa na kofia mkononi. Nitasema nini mpaka aache kucheka?