Mama, hapo umeshapita!

Nimemharibia binti yangu mtihani wa kuingia chuo cha muziki. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Unajua alivyokuwa akiipiga kwenye piano ile sonata, muziki wa kale wa Kizungu, kila jioni, mimi niko gereji. Sijawahi kuisikia yote. Leo nikajipachika mstari wa mbele kabisa.

Kaanza vizuri mno, vidole vinakimbia hata havionekani. Kufika katikati, ghafla karudi mwanzo! Nikajua kapotea. Nikasimama, nikapaza sauti: "Mama, hapo umeshapita! Songa mbele!"

Umeshapita! Eti mimi ndiye namwambia, mbele ya ukumbi mzima!

Akaacha kupiga. Mikono ikabaki hewani.

Mwalimu wake akanivuta shati. "Mzee, sonata hizi kila nusu hupigwa mara mbili. Ndivyo zilivyoandikwa!"

Mtahini, mama mmoja wa miwani, wala hakunitazama. Akamuuliza binti, "Baba yako anafanya kazi gani?"

"Fundi magari."

"Basi mwambie hapa hatuelekezi lori." Watu wakaangua kicheko, kaka. "Na wewe, ukikatishwa na kelele moja, jukwaa halikufai. Anayefuata!"

Nikamkimbilia nje. Hakulia hata. "Baba, bora ungekuwa kiziwi."

Kiziwi, kaka. Kaniambia hivyo.

Basi hesabu yenyewe ni hii: miaka mitatu ya mazoezi, nafasi moja iliyogombewa na watoto arobaini, na mwanangu wa pekee, aliyepanda gari la mwalimu wake bila kugeuka.