Bibi Amesikia "Wa Tatu"

Jumanne, 14 Julai

Nimefagia uwanja, nimeosha vyombo. Bibi amenituma vitunguu. Dukani watu wanasema matokeo ya kidato cha sita yametoka. Nimefungua simu palepale, nimesimama. Divisheni ya tatu. Kemia E. Nimeisoma tena namba yangu ya mtihani, labda ni ya mtu mwingine. Ni yangu.

Kwa Kemia E hakuna udaktari. Vitunguu nimevisahau dukani.

Bibi ameniuliza nimepata ngapi. Nimejibu, "Tatu."

Amepiga vigelegele mpaka jirani yetu, Mama Zuhura, akachungulia juu ya ukuta. "Mjukuu wangu amekuwa wa tatu! Wa tatu!"

Anadhani ni nafasi, kama kwenye ripoti zangu za shule ya msingi. Nimerudi dukani kuchukua vitunguu.

Jumatano, 15 Julai

Mama alichelewa kurudi jana. Nimemwonyesha simu asubuhi. Ameketi kitandani na viatu mkononi. Yeye anajua divisheni ya tatu ni nini. Nimemwomba amwambie Bibi.

"Mie siwezi, Rahma. Mwambie mwenyewe."

Ameenda kazini bila chai.

Nje wananiita Dokta. Hata muuza mkaa. "Dokta, shavu langu linauma!" Nimecheka. Sijui kwa nini nimecheka.

Alhamisi, 16 Julai

Bibi ameitisha dua ya shukrani. Kesho, baada ya Alasiri. Pilau. Nusu ya wanawake wa Segerea, nadhani.

Nilifungua mdomo nimwambie. Akanituma iliki. Nikaenda. Najichukia.

Ijumaa, 17 Julai

Nimesema.

Tulikuwa tunachambua mchele. Nilikuwa naangalia sinia, si uso wake. Si wa tatu, Bibi. Ni divisheni ya tatu. Udaktari sipati.

Mkono wake ulisimama ndani ya mchele. Afadhali angenigombeza.

"Na watu nimeshawaita," akasema. Kisha akaendelea kuchambua.

Walipojaa sebuleni nilijificha nyuma ya pazia la chumbani. Bibi aliwaambia mwenyewe.

"Jamani, mwenzenu nilisikia vibaya. Mtoto hakuwa wa tatu. Mtihani umemshinda. Leo hatushukuru, tunamwombea."

Nilitaka sakafu inimeze.

Mama Zuhura akauliza, "Lakini pilau lipo?"

"Lipo."

"Haya, tuombe basi, lisipoe!"

Wakacheka mpaka Bibi akacheka. Halafu wakaomba. Wakataja jina langu, na watu wote wakaitikia amina. Nimelia kwenye pazia. Limelowa.

Jumamosi, 18 Julai

Kiporo cha pilau asubuhi. Bibi ameniuliza divisheni ya kwanza ameipata nani.

Nimemweleza. Wameipata wengi. Kila aliyefikisha alama.

Ameacha kutafuna. "Kumbe si mtu mmoja?"

"Si mmoja, Bibi."

"Basi nafasi ipo." Akaniongezea pilau.

Mama alikuwa anafunga mtandio wake mlangoni. Amesema nikitaka kurudia mtihani, nirudie.

Kitabu cha Kemia kilikuwa chini ya kitanda tangu siku ya mtihani wa mwisho. Nimekitoa. Sijakifungua. Nimekifuta vumbi, nimekiweka mezani.