Dizeli Katika Bajaji ya Petroli

Dar es Salaam,
Jumatano asubuhi

Mama yangu mzazi, Baba mdogo, na ndugu zangu wote mliokaa sebuleni hapo Lufingo,

Mugonile, nawasalimu nyote. Namwomba Baba mdogo aisome barua hii kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mahali patakapomuuma mtu. Naomba pia Kaka Ambakisye awepo inaposomwa, na asitoke nje kupokea simu.

Mama, goti linaendeleaje na baridi hiyo? Nimesikia mvua imelaza migomba ya upande wa mtoni, na kwamba ndama bado hanyonyi vizuri. Poleni sana. Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku halina huruma, na abiria wa siku hizi huita gari kwa simu, kisha nikiwa nimefika mlangoni hufuta safari bila kusema samahani. Hayo nimekwisha kuyazoea. Lililonifanya nikae chini kuandika ni jingine, na sitalipamba.

Juma lililopita niliitwa ofisi ya kodi. Nilikwenda bila hofu, kwa kuwa ritani yangu ya mwaka, yaani taarifa ya mapato na gharama za kazi, nilikuwa bado naiandaa, na muda ulikuwa haujaisha. Afisa aliyenipokea ni mama wa makamo, mpole wa sauti. Aliniuliza kazi yangu. Nikamweleza kwamba naendesha gari la abiria wa mtandaoni, na kwamba nina bajaji moja nyumbani, Tukuyu, inayoendeshwa na kaka yangu.

"Bajaji hiyo inatumia mafuta gani, baba?"

"Petroli."

"Basi kwenye ritani uliyoleta imekunywa dizeli. Tena dizeli ya kulipeleka lori la ndizi Mbeya na kulirudisha." Akasogeza kioo cha kompyuta nikione. "Na hizi bati? Umeiezeka?"

Madereva waliokuwa wakisubiri zamu nyuma yangu walicheka. Mmoja akasema, "Bosi, bajaji yako ina vyumba vingapi?" Sikucheka nao. Ritani niliyokuwa sijaiwasilisha ilikuwa imekwisha kuwasilishwa kwa jina langu, kutoka duka la stesheneri la hapo Ibighi, ambako kaka anaendeshea bajaji.

Ndugu zangu, wengi wenu hamjawahi kujaza ritani, kwa hiyo nitawaeleza jambo hili mara moja. Mtu anayejiajiri kama mimi hutozwa kodi kwa faida, na faida ni kile kinachobaki baada ya kuondoa gharama za kazi. Mafuta ya kumbeba abiria ni gharama ya kazi. Tairi, bima, matengenezo, bando la simu ninayopokelea safari na kamisheni inayokatwa na kampuni ni gharama za kazi. Chakula changu si gharama ya kazi. Ada ya mtoto si gharama ya kazi. Jiko la mama, ambalo nililiezeka kwa furaha na nitaliezeka tena likivuja, si gharama ya kazi.

Kaka Ambakisye nilimpa namba ya siri ya akaunti yangu ya kodi ya mtandaoni kwa sababu moja tu, alipie ada za bajaji bila kunisubiri. Nilipotoka ofisini nilimpigia simu. Nayaandika mazungumzo yetu kama yalivyokuwa, naye anisahihishe mbele yenu kama nimeongeza neno.

"Gwe Lugano, badala ya kusema ndaga, kunishukuru, unanifokea? Nimekupunguzia kodi!"

"Kwa risiti za watu, kaka?"

"Walizitupa pale kituoni. Rafiki yangu wa pampu ananiokotea. Kitu kikishatupwa kina mwenyewe?"

"Zimeandikwa dizeli."

"Mafuta ni mafuta. Nani anasoma maandishi madogo namna ile?"

"Na bati za mama?"

"Mama si mama yako? Si wewe uliyelipa? Sasa gharama zako ni zipi?"

"Kaka, hizo hazihusiani na kazi."

"Na msiba wa shangazi kule Nkunga je? Bajaji ilibeba waombolezaji siku nzima, bure, hata abiria wa sokoni niliwaacha. Petroli haikuwaka? Au huko kwenu Dar mafuta ya msiba yanatoka mbinguni?"

Naomba nilijibu hili la msiba mbele ya wote, kwa maana nimeambiwa kwamba kaka amelieneza hadi kanisani, na sasa natajwa kama mtu anayewahesabia mafuta wafiwa. Huo ni uongo, na anayeusema anajua hivyo. Katika nyumba yetu chombo cha usafiri hakitozi nauli kwenye msiba. Nimekulia katika desturi hiyo, naipenda, na mafuta ya siku ile niliyatuma mimi. Lakini tulichokitoa kwa heshima ya marehemu shangazi tulikitoa wenyewe. Hatuwezi kumsindikiza bure mbele ya watu, kisha tukaingia kwa mlango wa nyuma kuidai serikali nauli ya jeneza lake. Huko ni kumtumia marehemu, na sitakubali jina langu liwe chini ya jambo hilo.

Sasa naja kwako, Baba mdogo, kwa heshima yote ninayokudai wewe na ninayodaiwa na wewe. Ulinipigia Jumapili kunipa uamuzi wa kikao cha ukoo kuhusu ritani hii. Ulisema, "Mwanangu, wewe kiri tu kwamba uliikosea mwenyewe. Kaka yako ni mzee wa kanisa, na anatajwa kuwa mwenyekiti wa kijiji ajaye. Wewe uko mbali, aibu yako haionekani."

Haionekani na nani? Mimi nami ninaishi mbele ya watu. Nina mke anayenitazama mezani, nina wenzangu kijiweni walionisikia nikichekwa. Nikikiri nilitunga gharama za uongo, nitapigwa faini, hati yangu ya kodi itazuiwa, na bila hati hiyo leseni ya kubeba abiria haitahuishwa. Gari litalala chini ya turubai. Dawa za mama zinatoka kwenye gari hilo. Je, kikao kilipokaa kunywa chai na kunihukumu, kuna aliyeuliza zitatoka wapi baada ya hapo? Mlipima uenyekiti wa kaka dhidi ya mkate wangu, mkaona mkate wangu ndio mwepesi. Sina neno laini la kulieleza hilo.

Siukubali uamuzi huo. Namba ya siri nimekwisha kuibadilisha. Ritani sahihi nimeiandaa, na ndani yake hamna hata risiti moja nisiyoweza kuieleza. Bajaji siinyang'anyi. Iendelee kufanya kazi Ibighi, ila itahamishiwa jina la Ambakisye. Atakuwa na namba yake ya mlipakodi na ritani yake, na gharama atakazoandika atazitetea kwa mdomo wake.

Mama, wewe hukuwepo walipoamua, najua, na sikasiriki nawe. Nisalimie dada yangu Sekela, mke wa mwalimu, ambaye peke yake alinipigia kuniuliza upande wangu. Msalimie shemeji, mke wa kaka, ambaye hana kosa katika haya. Msalimie binamu yangu Ipyana, fundi wa pikipiki, na babu mlinzi wa kiwanda cha chai. Baba mdogo, pokea salamu zangu wewe na mama mdogo, hata kama leo zimekuja na uchungu.

Kaka Ambakisye, la mwisho ni lako. Afisa amenipa hadi Jumatatu. Nauli ya basi nimeituma kwa Sekela, kwa kuwa wewe ungeniambia haikufika. Jumapili jioni nitakuwa stendi nikikungoja, utalala kwangu, na asubuhi tutakaa viti viwili mbele ya yule mama, ueleze ulichofanya na mimi niwe shahidi kwamba ulidhani unanisaidia. Hilo nitalisema, maana naamini lina ukweli ndani yake. Basi likija bila wewe, nitaingia peke yangu, na nikiulizwa ni nani aliyeiwasilisha ritani ile, nitalitaja jina lako, la ubatizo na la ukoo, herufi kwa herufi.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Lugano