Picha mbili za mume wa Chiyono

Shoga, natoka kwa Chiyono sasa hivi. Shemeji yake Tokuji amemwambia aitoe picha ya marehemu mumewe kwenye madhabahu ya nyumbani. Leo, siku ya arobaini na tisa tangu afariki, siku yenyewe ya kumwombea.

"Ina chengachenga, shemeji. Kihisi mwanga cha kamera yako, kile kinachonasa picha, ni kidogo kama ukucha. Changu ni kama kasha la kiberiti."

Kama ukucha, mbele ya ubani unaowaka.

Akatoa yake. Kweli ilikuwa safi, hadi nyusi unazihesabu. Lakini marehemu amenuna, maana aliyekuwa akimpiga picha ni Tokuji.

Chiyono akamrudishia.

"Shemeji, kamera yako nzuri. Imeonyesha wazi alivyokuchukia. Kaitundike kwako. Hii ya chengachenga itabaki, hapa alikuwa ananichekea mimi."